Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Maji Yetu: Kuchemsha Hakuondoi Floraidi

KWA:
Mwenyekiti na wanakamati wa mradi wa maji wa kata yetu,
pamoja na maafisa wa maji na wa afya wanaousimamia,
Nakuru.

Waheshimiwa,

MINTARAFU: MAJI YA KISIMA YANAYOUZWA KAMA MAJI SALAMA

Pokeeni salamu zangu. Mimi ni mzazi, na ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi iliyo nje kidogo ya mji wa Nakuru. Naandika kwa niaba ya nafsi yangu na ya wazazi wenzangu ambao tumelifuatilia pamoja jambo hili la floraidi, madini yaliyoyeyuka ndani ya maji ya kisima chetu.

Hii si mara ya kwanza mnalisikia. Tulianza kwa kuwaona wanakamati ana kwa ana. Kisha tukaandika barua, ikapigwa muhuri mapokezi, na nakala yake tunayo. Tukalileta kwenye baraza la chifu, wazee wakatuunga mkono. Kila mahali tuliambiwa linashughulikiwa. Hatujaona afisa aliyekuja kupima maji, wala karatasi, wala tangazo. Watoto wetu nao hawaachi kunywa maji ati kwa sababu ofisi ina shughuli nyingi. Ndiyo maana nimeamua kuandika hadharani.

Nitangulize neno moja ili nisieleweke vibaya. Hakuna anayeupinga mradi huu. Wakati hatukuwa na kisima kirefu, kina mama walichota mtoni pamoja na ng'ombe, na homa ya matumbo ilikuwa jambo la kawaida katika nyumba nyingi. Kisima kilitupunguzia mwendo na magonjwa ya tumbo, na tunawashukuru waliohangaika hadi kikachimbwa. Malalamiko yetu yanahusu ule ubao uliobandikwa kwenye kioski, ulioandikwa kwa herufi kubwa "Maji Safi na Salama", na yanahusu kile ambacho mashine iliyo nyuma ya ubao huo haiwezi kufanya.

Tunaishi Bonde la Ufa, chini ya Menengai, katika ardhi iliyozaliwa na volkano. Maji ya mvua yanapozama na kukaa miaka mingi katikati ya miamba hiyo, huyeyusha floraidi iliyomo na kuibeba. Maji yakiwa ya moto huko chini huibeba zaidi. Ndiyo maana visima viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana sana, na ndiyo maana maziwa kama Nakuru na Elementaita, ambayo hayana mto wa kuyatoa maji yake nje, yamejaa floraidi kupita kiasi. Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ikiwa kidogo huyasaidia meno. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji ya kunywa. Ikizidi hapo kwa muda mrefu, huharibu meno ya mtoto yanapoundwa ndani ya ufizi, na ikizidi sana kwa miaka mingi huingia mifupani: viungo vinakaza, mgongo unakuwa mgumu, mtu anashindwa kuinama.

Wazazi kadhaa tulichanga pesa tukapeleka chupa ya maji ya kisima chetu maabara. Jibu lilionyesha floraidi zaidi ya maradufu ya kikomo hicho. Karatasi hiyo tuliwaletea. Malalamiko yetu ni haya:

1. Mashine ya kioski haifanyi kazi ambayo watu wanaamini inafanya.

Nimeingia ndani ya kioski kwa ruhusa ya kijana anayeuza maji, naye alinionyesha kila kitu bila kuficha. Kuna kichujio cheupe cha kuzuia mchanga na matope. Kuna bomba lenye taa ya miale ya urujuanimno. Mwisho kuna klorini inayotiwa kwenye tangi la juu. Vyote vitatu ni vifaa vizuri kwa kazi yake. Kichujio hunasa takataka. Miale huua vijidudu mradi maji yawe maangavu na umeme usipotee, ingawa haiachi kinga yoyote ndani ya maji yanayotoka. Klorini huua bakteria na virusi, na ile inayobaki huyalinda maji hadi nyumbani yasichafuliwe na mtungi au kikombe.

Lakini floraidi si mdudu hata iuawe, wala si mchanga hata ichujwe. Imeyeyuka ndani ya maji. Inapita kwenye kichujio hicho, inapita chini ya taa, inapita kwenye klorini, na kuingia kwenye mtungi wa lita 20 ikiwa vilevile ilivyotoka ardhini. Mnatoza bei ya juu kwa maji ya kioski kuliko ya bomba la nje lililo kando, na mama anayelipa tofauti hiyo anaamini amemnunulia mwanawe usalama. Kwa upande wa kipindupindu na homa ya matumbo, kweli amenunua. Kwa upande wa meno na mifupa, hajapata chochote.

2. Ushauri tunaopewa kliniki na barazani unazidisha tatizo.

Tunaambiwa: "Chemsheni maji." Ushauri huo una mahali pake. Maji yakichemka hadi yatokote, vijidudu vya kuhara hufa, hata vile vinavyoishinda klorini. Lakini mpishi yeyote anajua kuwa mchuzi ukiachwa motoni muda mrefu chumvi yake hukolea, kwa sababu kinachoondoka na mvuke ni maji tu. Floraidi ni hivyo hivyo. Chukulia sufuria ya lita 5 za maji yenye miligramu 4 kwa lita. Ndani mna miligramu 20. Yakichemka hadi zibaki lita 4, zile 20 bado zimo, na sasa kila lita ina miligramu 5. Mama aliyefuata ushauri wenu kwa uaminifu, akanunua makaa, akachemsha mpaka akaridhika, amempa mtoto maji yenye floraidi zaidi kuliko ya jirani asiyechemsha kabisa. Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote katika barua hii, kwa kuwa linamwadhibu mzazi mwenye bidii.

Najua ushauri huo ulikotoka. Dada yangu ameolewa Kisumu. Maji yao hutoka Ziwa Victoria, ambalo floraidi yake ni kidogo. Adui yao ni matope, magugumaji, majitaka, na visima vifupi vilivyochimbwa karibu na vyoo vya shimo katika mitaa kama Nyalenda na Manyatta. Huko kuchemsha kunaokoa maisha. Klorini pia: kule Busia na sehemu nyingine za magharibi, vifaa vya kutolea klorini vimewekwa palepale kwenye chemchemi, mtu anafungua koki kidogo ndani ya mtungi wake na kuondoka. Hata chupa angavu ya plastiki ikianikwa juani saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu, huua vijidudu vingi. Dada yangu akifuata lolote kati ya hayo, wanawe watakuwa salama. Mimi nikifuata yote kwa pamoja, floraidi haitapungua hata chembe. Bango lililochapishwa kwa ajili ya maji ya ziwa limebandikwa kwenye kisima cha volkano, na hakuna aliyeuliza kama linafaa.

3. Matokeo ya vipimo yamefichwa.

Kisima hakipaswi kuchimbwa na kukabidhiwa bila maji yake kupimwa. Kwa hiyo karatasi inapaswa kuwepo mahali fulani. Tumeiomba, hatujapewa. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Kifungu cha 43 kinatupa haki ya maji safi na salama ya kutosha, na cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kuelezwa anachonunua. Sisi ni raia, na pia ni wanunuzi. Mficha uchi hazai: kama matokeo ni mabaya, yaleteni tuyatafutie dawa pamoja.

4. Watoto ndio wanaolipa.

Meno ya kudumu huundwa ndani ya ufizi tangu utotoni hadi karibu miaka minane. Yakishaharibika hapo, hakuna mswaki wala dawa itakayoyarudisha. Mwanzoni huwa na mistari myeupe kama ya chaki, kisha madoa ya manjano, kisha ya kahawia, na mengine humeguka pembeni. Katika darasa langu yupo msichana hodari wa kusoma kwa sauti, ambaye siku hizi akisimama kusoma huweka kitabu juu kabisa, mpaka kinaufunika mdomo, na sauti inapotelea ndani ya kurasa. Nikimwomba akishushe kidogo, hukishusha kwa sentensi moja, kisha kinapanda tena. Hakuzaliwa na haya. Anapiga mswaki kila siku, na bado watu wakimwona husema hajui usafi.

Najua pia majibu mtakayotoa, kwa sababu mengine tumeshayasikia.

Mtasema haya ni mambo ya meno tu, mambo ya sura. Kwanza, sura ya mtoto si jambo dogo. Kijana aliyeficha mdomo miaka yote ya shule ataingia kwenye mahojiano ya kazi akiwa bado anauficha. Pili, meno ndiyo dalili inayoonekana kwanza. Mtoto yuleyule atakunywa maji yaleyale hadi uzeeni, na mifupa yake inaandika kila kikombe. Tunao wazee hapa wanaotembea kwa shida na ambao hakuna aliyewahi kuwauliza walikunywa maji gani. Sisemi kila goti linalouma limeharibiwa na kisima. Nasema hakuna anayechunguza.

Mtasema wazee wetu waliyanywa maji haya. Hapana. Wengi wao walikunywa maji ya mito inayotiririka kutoka msitu wa Mau na ya mvua. Kisima kirefu ni kitu kipya kwetu, na kadiri kinavyozidi kwenda chini, ndivyo maji yake yanavyoweza kuwa yamekaa zaidi ndani ya miamba.

Mtasema floraidi haitoki kwenye maji peke yake. Hilo ni kweli, na nawashukuru mkilitaja. Magadi tunayotia kwenye githeri ili maharagwe yaive haraka yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Majani ya chai nayo huwa nayo. Lakini ikiwa mtoto anaipata kutoka sufuria ya githeri na kikombe cha chai, basi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipunguza kwenye maji, na ndiyo sababu ya kliniki kuwaeleza akina mama habari za magadi badala ya kunyamaza.

Mwisho mtasema hakuna njia, au njia iliyopo ni ghali. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo tumekwama.

Njia zipo, na moja imetengenezwa hapahapa Nakuru. Jimbo Katoliki la Nakuru, likishirikiana na watafiti wa taasisi ya Eawag ya Uswisi, limefanya kazi kwa miaka mingi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo hadi nyama na mafuta yote yaishe, kisha husagwa kuwa chembe. Maji yakipita polepole katikati ya chembe hizo, madini ya mfupa huinasa floraidi. Uwezo ule ule wa mfupa kunasa floraidi, ambao ndani ya mwili ndio unaotudhuru, ndani ya ndoo unatusaidia. Vipo vichujio vya kutumia nyumbani kwa ndoo, na vipo vya tangi kubwa la shule au jamii.

Njia hii ina masharti, na sitayaficha. Mfupa ukichomwa kidogo maji hunuka. Ukichomwa kupita kiasi hupoteza nguvu. Baada ya muda chembe hujaa na kuacha kunasa, na maji yanaendelea kutoka yakiwa maangavu kama zamani bila dalili yoyote. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kupima na kubadilisha kwa ratiba. Wapo pia majirani ambao dini yao inawataka wajue mfupa huo ni wa mnyama gani, na wana haki ya kuuliza na kujibiwa kabla ya mambo kuanza.

Kuna shabu na chokaa, njia iliyoanzia India na inayojulikana kwa jina la mji wa Nalgonda. Unatia, unakoroga, unaacha vitulie, unamimina maji ya juu. Vifaa ni rahisi, lakini shabu inayohitajika ni nyingi kuliko ile ya kutuliza matope tu, kipimo lazima kifuate floraidi iliyopo, na mashapo yanayobaki yanahitaji pa kutupwa. Sioni ikifaa nyumba kwa nyumba. Kwa tangi la shule lenye mtu aliyefunzwa, labda.

Kuna mashine zinazosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba sana. Hizo huondoa floraidi vizuri. Zinataka umeme, zinataka fundi, utando hubadilishwa, na sehemu ya maji hutupwa yakiwa na floraidi nyingi kuliko yalivyoingia. Mkichagua hiyo, tuambieni pia maji hayo ya kutupwa yatakwenda wapi. Yasielekezwe shambani kwa mtu.

Na kuna mvua, ambayo karibu haina floraidi kabisa. Shule yetu ina paa refu la mabati na haina hata mfereji mmoja wa kukinga maji. Masika yanapita juu yetu kila mwaka na kuteremka mtaroni. Maji ya paa yana vumbi na vinyesi vya ndege, hivyo ya kwanza humwagwa, na yanayobaki hutiwa klorini au huchemshwa. Hapo ndipo kuchemsha kunapofaa, tena sana. Hata kuchanganya tu husaidia: mtungi mmoja wa maji ya kisima yenye miligramu 4 kwa lita, ukichanganywa na mitungi miwili ya mvua, unatoa maji yenye takriban miligramu 1.3, chini ya kikomo.

Kuhusu gharama, hatuwaombi msafishe kila tone. Kuoga, kufua na kupiga deki kunaweza kuendelea na maji ya kisima kama yalivyo. Floraidi inatudhuru kupitia mdomoni, na maji ya kunywa na kupikia ni mitungi michache tu kwa nyumba kwa siku. Mkianza na watoto wadogo na shule, ni michache zaidi.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, tunaomba haya:

Kwanza, matokeo ya vipimo vya kisima, ya siku kilipokabidhiwa na yoyote ya baadaye, yabandikwe kwenye mlango wa kioski, kwa Kiswahili, ndani ya siku 21 ambazo sheria imetoa. Floraidi iandikwe kwa tarakimu, na kikomo cha 1.5 kiandikwe kando yake. Kisha maji yapimwe upya na maabara isiyo na maslahi katika mradi, wazazi wakiwepo wakati wa kuyachota.

Pili, ule ubao ubadilishwe leo. Kuandika "yametiwa dawa ya vijidudu, hayajaondolewa floraidi" hakuna gharama kubwa, na kutamwezesha mzazi kuamua. Na mpaka mashine ifanye zaidi, bei ya kioski irudi karibu na ya bomba la nje.

Tatu, wahudumu wa afya wa jamii waache kusema "chemsheni" na kuishia hapo. Waeleze kuchemsha kunaondoa nini na kunaacha nini. Wawaambie kina mama kwamba maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, lakini maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya kisima hayako hivyo. Wawaambie kuhusu magadi.

Nne, shule iwekewe mifereji na tangi la mvua kabla ya masika yajayo, na kichujio cha mkaa wa mifupa kwa miezi ya kiangazi. Ateuliwe mtu wa kukipima, jina lake na tarehe ya kupima vikiwa wazi. Wazazi tuko tayari kuchangia kazi ya mikono, mchanga na mawe ya msingi, na tumekwisha kuliambia baraza hivyo.

Tano, uitishwe mkutano wa hadhara ambao maafisa wa maji na wa afya watahudhuria wenyewe, si kwa wawakilishi, kujibu maswali ya wananchi. Tupeni tarehe.

Zikipita siku 21 bila jibu la maandishi, tutapeleka ombi letu na karatasi ya maabara kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo sheria imeipa kazi ya kupokea malalamiko ya wanaonyimwa habari. Tungependelea kuketi nanyi kwanza.

Wenu mwaminifu,

Mzazi na mwalimu wa sayansi,
kwa niaba ya wazazi wa watoto wanaokunywa maji ya kisima,
Nakuru.

Nakala kwa:
Mwakilishi wadi
Chifu wa kata
Mwalimu mkuu na bodi ya usimamizi wa shule